Aya Niliyoiruka

Mikumi,
Jumatano

Shangazi Felista,

Shikamoo.

Ile barua ya Kiingereza iliyotoka Dar sikukutafsiria yote. Ilikuwa na aya nne. Nilikusomea ya kwanza, ya pili na ya nne. Ya tatu niliiruka. Sijamwambia Baba, sijamwambia Mama, hata padri sijamwambia, ingawa Jumamosi nilipiga magoti mbele yake nikaungama kwamba nilimjibu Mama vibaya. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeumia, na kwa sababu huwezi kunitazama usoni.

Niliiruka kwa aibu tu. Ulikuwa umekaa mlangoni na ungo, unachambua mchele, ukaniambia, "Haya, mwalimu wangu, soma." Uliniita mwalimu wako. Ulikuwa umekwisha kumtangazia hata yule mama wa nyanya sokoni kwamba mtoto wa kaka yako ndiye wa kwanza kwa Kiingereza Kidato cha Tatu kizima. Nilipofika aya ya tatu nikakuta maneno ambayo sikuyajua, manne au matano kwenye mstari mmoja, na kamusi nayo haikuwa na mawili. Ningeweza kusema, "Shangazi, hapa sielewi." Maneno matatu tu. Badala yake macho yangu yakashuka chini, nikaendelea na aya ya nne, ambayo ilikuwa salamu na sahihi.

Hukugundua. Ungegunduaje? Mimi peke yangu nilijua kwamba wewe, karani wa shule ya sekondari, ulikuwa unapiga taipu Kiingereza bila kosa hata moja na huelewi nusu yake. Vidole vyako vilikijua, wewe hukukijua. Ulinificha hilo mwezi mzima nilipohamia kwako Kilosa, halafu siku moja ukanipa barua ya ofisini ukasema, "Nisomee, macho yamechoka." Macho yako yalikuwa yanaona sindano iliyoanguka kwenye majani. Tukaelewana bila kusemezana, na tangu hapo barua za Kiingereza zikawa zinakuja nyumbani kwenye pochi yako na kurudi ofisini asubuhi.

Nina hasira, Shangazi. Mama anadhani ni huzuni, ananichemshia uji. Nakunywa uji, na hasira iko palepale.

Namkasirikia mkuu wa shule kwanza. Barua ile ilikuja kwake, jina lake lilikuwa juu ya bahasha. Yeye Kiingereza anakijua, kila Jumatatu alitugombeza kwa Kiingereza mstarini. Lakini siku hiyo alikuwa na mafundi wa bweni jipya, akakurushia: "Bi Felista, angalia hawa watu wa kompyuta wanataka nini, uniambie kwa kifupi." Kwa kifupi! Kifupi chenyewe ndicho nilichokupa mimi: kwamba ile programu ya kufunga kompyuta, ile mliyoiita Bawabu kwa sababu kila asubuhi inakuuliza jina lako na neno lako la siri kabla ya kukuruhusu kupita, itafika mwisho wa maisha yake mwezi wa sita mwaka unaofuata, na kampuni itaacha kutoa msaada.

"Mwisho wa maisha?" ulicheka. "Na yenyewe inakufa? Basi tuandae rambirambi."

Nikacheka na mimi.

Neno lililotuponza lilikuwa "support". Nililitafuta kwenye kamusi ikasema msaada, tegemeo, nguzo. Nikachukua la kwanza, kumbe wao walimaanisha huduma. Nani asingelichukua? Kompyuta yenyewe ilikuwa msaada, ililetwa na marafiki wa shule wa Ulaya, na kibandiko cha zawadi kilikuwa bado ubavuni. Vitabu vya maktaba vilikuwa msaada. Pampu ya kisima ilikuwa msaada, na ilipoharibika ikabaki vilevile tukingojea msaada mwingine. Kwetu msaada ni kitu kinachotoka kwa mtu asiyekujua na kinakoma siku anayotaka yeye. Kwa hiyo uliposikia kwamba msaada utakoma, ulisikitika kidogo, ukafanya kile ambacho mtu yeyote aliyefunzwa adabu angefanya. Ukaandika barua ya kushukuru.

Nakala ninayo hapa mbele yangu. "Uongozi wa shule unawashukuru sana kwa msaada wenu wa tangu mwanzo, na unawaomba kwa unyenyekevu msituache katika kipindi hiki kigumu cha soko huria." Mkuu akatia sahihi na muhuri bila kusoma. Kama angesoma mstari mmoja tu angekuuliza, "Msaada gani tena?" Hakusoma. Halafu ulipomshauri mhifadhi zile karatasi za alama ambazo walimu walikuwa wanakuletea kila muhula, akakwambia mbele ya watu, "Bi Felista, karatasi ni mambo ya ujamaa. Sasa hivi tuna mashine." Zikachomwa nyuma ya jiko. Ukayaweka matumaini yetu yote mle ndani, alama zetu zote za Kidato cha Tatu na cha Nne, zile zinazotakiwa Dar kabla ya mtihani wa mwisho, na Bawabu akakaa mlangoni.

Namkasirikia mwalimu wa taaluma. Ijumaa moja tulikuja wote huku Mikumi kumwona mtoto mchanga wa Mama. Ulimletea kofia ya sufi wakati joto linaua, sote tukakucheka. Jumatatu uliporudi ofisini ukakuta skrini imeandika kwamba majaribio matatu yamekosea na mashine imefungwa. Ufunguo wa ofisi walikuwa nao watu wawili, wewe na yeye. Alitaka kuchungulia alama za mtu, au alitaka tu kujua kama anaweza kulibuni neno lako. Sijui. Sijali. Ninachojua ni kwamba baadaye alikaa kwenye kikao cha kukuhoji, akakusikia unaulizwa, akatazama kucha zake.

Lakini hata hapo haikuwa mwisho wa dunia. Bawabu alishawahi kujifunga mara mbili huko nyuma. Ulikuwa unakwenda posta, unapiga simu Dar, wanakusomea namba ndefu, unaiandika kiganjani, unarudi unaiingiza, mlango unafunguka. Kwa hiyo siku ile ulinichukua baada ya masomo nikakusindikize, na tulikuwa tunazungumza habari za mihogo. Nilisimama nje ya kile kibanda cha simu, mlango ulikuwa haufungi vizuri, nikasikia.

"Ndiyo, mwanangu, ni sisi wa Kilosa. Naomba namba ile ya kufungulia."

Ukasikiliza.

"Hamuihudumii? Tangu lini? ... Mliandika? Ndiyo, barua tuliipata, tena tuliwashukuru kwa msaada."

Hapo sauti ya upande wa pili ikapanda, ya kijana anayetaka kucheka, hata mimi nje niliisikia: "Mama, sisi siyo wafadhili! Kila kitu kimeandikwa mle. Mlipewa mwaka mzima!"

Ulitoka ukiwa umeshika mkoba kwa mikono miwili. Tulitembea mpaka relini. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, tukasimama kuingojea, na ilipokwisha kupita ukaniuliza polepole kabisa, "Oliva, mama, ile barua ilisema yote uliyoniambia?"

Nikasema, "Ndiyo, Shangazi."

Ukasema, "Haya."

Hilo "haya" ndilo linaloniamsha. Sijui kama uliniamini. Nimelizungusha kichwani kila namna, kwa sauti ya kuamini na kwa sauti ya kutoamini, na yote mawili yanafanana na sauti yako.

Siku zilizofuata unazijua kuliko mimi, lakini sikuwahi kukusimulia ya darasani. Walimu walianza kutuita mmoja mmoja na madaftari yetu, wanakadiria alama. Mwenye daftari safi alipata nyingi, na mwenye daftari lililolowa mvua alipata alichohurumiwa. Zuhura, ambaye alikuwa ananishinda Hesabu kila mara, alikuwa ameuza madaftari yake ya mwaka uliopita kwa mama wa vitumbua ili afungie vitumbua. Akaandikiwa alama za mtu mjinga. Akaja mbele ya dawati langu, darasa zima linasikiliza, akasema, "Wenzetu wana shangazi kwenye kompyuta. Sisi tuna Mungu tu." Wakacheka. Mwingine akadakia, "Oliva asome ya nini? Mtihani wenyewe ni shangazi yake!" Wakaanza kusema kwamba uliifunga mashine makusudi ili alama zangu mbaya zisionekane. Alama zangu mbaya! Nilinyamaza. Unajua ninavyonyamaza, koo linajifunga lenyewe.

Na uvumi ule ukapanda ngazi ukaingia ofisini kwa mkuu, na mkuu akaupenda, kwa sababu ulimtoa yeye lawamani.

Kisha ikaja siku ambayo hata nikiandika sasa kalamu inatoboa karatasi. Alikupa rasimu aliyoiandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza, akasema upige taipu nakala tatu. Kompyuta ilikuwa imefungwa, ukatoa ile taipureta ya zamani chini ya meza. Uliliona jina lako mle ndani, ukadhani ni mambo ya likizo. Ukapiga nakala tatu bila kosa. Akatia sahihi, akakukabidhi moja, ukaileta nyumbani. "Nisomee, mwalimu wangu, nadhani wamenipa likizo yangu."

Ilikuwa barua ya kukusimamisha kazi. Uliipiga mwenyewe.

Ile sikuruka neno, Shangazi. Nilisoma kila neno, mpaka tarehe.

Na wewe pia nakukasirikia, nisamehe. Walipokuuliza kwenye kile kikao ni nani aliyekwambia kwamba barua ya Dar ilihusu msaada, ulisema, "Nilisoma mwenyewe." Ulirudi ukaniambia hivyo huku unakata mchicha, kama habari ya kawaida: "Nimewaambia nilisoma mwenyewe. Wewe soma mtihani wako." Kwa nini? Ungesema ni mtoto alikosea, wangenicheka, ningelia, yangekwisha. Lakini ungesema hivyo wangejua hujui Kiingereza, na pia wangeniita mimi ofisini wiki ya mtihani. Ukachagua kuonekana mtu aliyejua kila kitu akaifunga makusudi, kuliko tuonekane wajinga sote wawili. Mimi nikakuacha uchague. Nikaingia kwenye chumba cha mtihani wa Kiingereza, nikaandika insha ndefu, nikafurahia sentensi zangu.

Wiki tatu baada ya mtihani ukaanguka kwenye kamba ya nguo, na shuka bado mkononi. Daktari alisema presha. Programu ilipewa mwaka mzima wa kujiandaa kufa, na barua, na tarehe. Wewe hukupewa hata nafasi ya kumalizia kuanika.

Mambo yamebadilika kidogo. Chumba chako ameingia fundi cherehani, amepaka mlango rangi ya bluu. Mimi nimerudi huku Mikumi nangojea matokeo, namsaidia Baba kwenye karakana yake ya kuziba pancha hapa barabara kuu. Nachovya mipira kwenye beseni la maji kutafuta panapovuja. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kusema. Nyani wameiba tena mkate wa Mama dirishani. Mtoto ametambaa, na ile kofia ya sufi anaitafuna. Shuleni kwenu wamepata kompyuta nyingine na bawabu mwingine, wa kisasa. Zuhura alikwenda kuulizia matokeo, akamwandikia rafiki yake wa hapa kwamba neno la siri limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya skrini, ili mtu asije akasumbuka. Nilicheka mpaka Baba akaacha kufungua tairi akanitazama.

Mama alipofungua sanduku lako la bati kugawa nguo, alinipa bahasha ya kaki, akasema, "Hizi karatasi za shule chukua wewe, ndiye msomi." Mle ndani niliikuta barua ya Dar, sijui uliitoa lini ofisini, nakala ya barua ya shukrani yenye sahihi na muhuri wa mkuu, na karatasi ya daftari yenye tafsiri yangu, kwa penseli. Aya tatu. Mtu yeyote akiziweka sambamba anaona moja inakosekana. Uliziweka pamoja wewe mwenyewe. Kwa hiyo labda uliona.

Sasa nimeisoma. Nimekwenda kwa sista wa parokia akaniazima kamusi kubwa, nimekaa nayo siku mbili. Pokea aya yako ya tatu, Shangazi, imechelewa:

"Baada ya tarehe hiyo programu itaendelea kufunga kompyuta kama kawaida, lakini kampuni haitatoa tena namba za kufungulia, kwa simu wala kwa barua. Wateja wanashauriwa kuchapisha kumbukumbu zao zote kwenye karatasi, na kuiondoa programu kabla ya tarehe hiyo au kuomba toleo jipya. Mteja anayetaka namba moja ya akiba ya kufungulia aandike mapema, atatumiwa bila malipo."

Bila malipo. Kwa kuandika tu. Na wewe uliwaandikia! Barua yako ya shukrani iliwafikia, mtu akaifungua, akaona kabisa kwamba watu hawa wa Kilosa hawajaelewa kitu, wanashukuru msaada ambao haupo. Akaiweka pembeni. Labda aliwasomea wenzake wakacheka. Kama angeandika mstari mmoja wa Kiswahili, "Mama, chapisha alama zako," ungezichapisha usiku na mchana mpaka wino uishe. Walikuwa na akili ya kupanga kifo cha programu kwa mwaka mzima, ila hawakuwa na dakika tano za kuuliza kama walioko mlangoni wanajua kusoma tangazo. Na kwa nini iendelee kufunga? Hilo sielewi hata kwa kamusi kubwa. Fundi wa makufuli akifunga duka lake, kufuli langu halianzi kunikatalia ufunguo. Kama imefika mwisho wa maisha, ife basi, iachie mlango wazi! Wameondoa mkono wa kufungua, wakaacha mkono wa kufunga.

Nilitaka kuwaandikia hayo. Lakini kuna jambo la karibu zaidi.

Mkuu amemtumia Baba karatasi kwa dereva wa basi. Ni ya Kiingereza, bila shaka. Baba akanipa, "Nisomee," mikono yake ina grisi. Nikamsomea yote. Inasema familia inakubali kwamba marehemu aliifunga kompyuta ya shule kwa makusudi, kwa faida ya mwanafunzi ambaye ni ndugu yake, na kwamba familia inaomba radhi, na shule inalimaliza suala hilo. Baba aende Kilosa Jumamosi kutia sahihi mbele ya bodi. Itawekwa kwenye faili. Miaka yote ijayo, atakayelifungua faili lako atakuta hilo, na chini yake sahihi ya kaka yako.

Baba alikaa juu ya tairi, akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema, "Nitatia tu sahihi. Tutapambana na nani, Oliva? Dada yangu amekwisha lala." Halafu, bila kunitazama, "Kwani si kweli aliifunga?"

Nikachovya mpira kwenye maji.

Nikimwambia leo, najua atakachofanya. Atasema nichome hizo karatasi, nina matokeo yangu ninayoyangojea, msichana mzima hajichafui mwenyewe. Atanihurumia, na Jumamosi ataondoka peke yake alfajiri, atasaini ili aninusuru. Kila mtu katika ukoo huu ananinusuru. Nimechoka kunusuriwa.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Nimemwomba nimsindikize, nimesema nataka kuulizia matokeo, amekubali. Bahasha itakuwa ndani ya gauni langu. Watakapomsogezea kalamu nitasimama. Sijui kama sauti itatoka. Isipotoka nitaziweka karatasi mezani, ya Dar, ya kwako yenye sahihi ya mkuu, na ya penseli, nitaonyesha kwa kidole pale palipoachwa wazi, kisha nijionyeshe mimi. Sauti ikitoka, nitasema kwamba Bi Felista hakufunga kitu, kwamba alidanganywa na mtoto aliyeona aibu kusema sijui, na kwamba mkuu wa shule alitia sahihi asichokisoma. Nitasema kwa Kiswahili, ili bodi nzima isikie.

Bibi anasema unamjia ndotoni, mnapiga soga kwa Kibena kama zamani, na asubuhi anatusimulia kila kitu wakati wa chai, hawezi kujizuia. Nakuomba, Shangazi, ukimjia leo, kesho au keshokutwa, zungumzeni habari za mihogo, za mvua, za mtu yeyote mwingine. Hili la aya ya tatu usimwambie. Akijua Bibi, Baba atajua kabla chai haijapoa. Nifichie mpaka Jumamosi tu. Baada ya hapo hutakuwa na la kunifichia.

Pumzika, Shangazi wangu.

Oliva